Bei ya Herufi

Baba alitoza kwa herufi, si kwa machozi.
Heghine alilijua hilo, akaja na hesabu yake
nyuma ya risiti ya mkate.
Miaka ishirini na moja kaburi la mwanawe
lilikuwa na msalaba wa bomba la chuma.
Sasa alitaka jiwe, na juu yake lile neno
kwamba ardhi imewekewa nguzo
na aliyeiweka hakubahatisha,
haitayumba.

Haitayumba!
Baba akaweka patasi chini.
Nje ya karakana milima ya Armenia
ilikuwa imelala katika theluji
kama mtu asiye na kesi ya kujibu.

Mimi nilikuwa nashika taa.
Nilizaliwa baada yake, ile asubuhi ya Desemba,
lakini hapa kwetu hata wachanga wanaikumbuka:
shule ilivyojikunja kama karatasi
katikati ya somo la hesabu,
Vahan dawati la tatu, upande wa dirisha.

"Ardhi ipi, mama?" Baba akauliza.
"Hii hii."

Padri Ghevond, aliyekuja kudai kinara chake,
akakohoa kama wakohoavyo wenye majibu.
Liko neno jingine, akasema, linalofaa makaburini:
mbingu na nchi ni vazi tu,
vitachakaa, vitakunjwa, na Yeye atabaki.
Tena herufi zake ni chache.

Heghine akamgeukia na shali yake yote.
"Siku ya Pasaka ulituambia mbingu ni shahidi,
kila nyota imeapishwa, kila jani limetiwa saini.
Leo ni matambara?
Amua, Padri. Mahakama gani hiyo
inayomvua shahidi wake nguo?"

Hakujibu. Nampenda kwa hilo hadi leo.
Aliketi juu ya jiwe lisilochongwa,
theluji ya viatu vyake ikawa maji.

Jiwe letu ni la rangi ya aprikoti.
Likitoka machimboni, kisu cha jikoni kinalikata;
hewa ndiyo hulikomaza.
Kisha huja kuvu, huja mvua, huja karne,
na msalaba uliodariziwa kama lesi
hubaki makunyanzi.
Upo mmoja nyuma ya kanisa. Nimeupapasa mara nyingi
nikitafuta pale uzuri ulipoishia.
Sijapapata.

Ndipo Heghine akafungua mfuko wake.
Sweta la buluu, la mtoto wa miaka minane.
"Nililifuma kwa ajili ya Mwaka Mpya. Hakulivaa.
Tazameni viwiko."

Tukatazama viwiko.
Vizima. Kila uzi mahali pake,
kama siku uliposhuka kutoka kwenye sindano.

"Halikuchakaa," akasema. "Hiyo ndiyo hasara yangu.
La kaka yake lilitoboka, likafumuliwa, likawa soksi,
soksi zikawa kitambaa cha kushikia sufuria,
na sijalililia hata siku moja.
Kama dunia ni vazi, na inachakaa,
basi yuko aliyeivaa.
Ana viwiko. Ameegemea mahali."

Padri akanyanyua kichwa.
Baba akapiga chafya, ya vumbi, alidai.
Hakuna aliyesema amina.

"Lakini nguzo," Heghine akasema, akilikunja sweta,
mkono juu ya mkono, "nguzo sijamsamehe.
Chonga hizo. Nataka azisome
kila apitapo."

Baba alichonga nguzo, kina cha ukucha wa gumba,
akatoza kila herufi.
Ila ukingoni, chini, ambapo majani yangefika,
alichonga mishono ya sweta, mmoja juu mmoja chini,
na hiyo hakuiandika kwenye risiti.

Tulilisimamisha mwezi Machi, udongo ukiwa bado na barafu.
Likainama kidogo, upande wa kushoto.
Nikashika mtaimbo nilinyooshe.
"Liache," akasema Heghine,
akaliegemea.