Jaribu Tena

Ndanu aliniletea simu ya kupapasa,
kioo kitupu, kama uso wa mtoto aliyenawa.
"Baba, weka kidole hapa ikujue."
Nikaweka. Haikunijua.
Nikatoa masizi kwa petroli, nikaweka tena,
nikajaribu cha kati, nikajaribu gumba.
Miaka ishirini na sita nakunja mabati Kamukunji,
nyundo imekula mistari yote ya vidole,
na kile kidude, bei ya masanduku tisa,
kikaandika kwa adabu: Jaribu tena.

Basi nikairudia katululu yangu.
Hii huibembelezi. Ukibonyeza, inaitika.
Juu ya tano pana kinundu, kama chunusi;
nikikigusa, hata gizani, najua nambari zote zinakoishi:
mbili juu yake, nane chini.
Nampigia mwenye mabati macho yakiwa kwenye kazi,
nyundo mkono wa pili.

Imeanguka mara ngapi? Sihesabu.
Majuzi ilichomoka mfuko wa aproni
ikagonga fuawe, ikawa vipande vitatu:
kifuniko kule, betri chini ya toroli,
mwili wenyewe kifudifudi kwenye vumbi la chuma.
Nikaokota, nikapangusa kwa shati,
nikaifunga kwa utepe wa tyubu ya baiskeli.
Ikazinduka. Ikaniuliza leo ni tarehe ngapi,
kama mama aliyezirai kanisani.
Nikaidanganya. Ikakubali.
Tukaendelea na kazi.

Na stima zikipotea kwetu Kiambiu
majirani husimama kwenye ngazi
na simu zao za maelfu, asilimia mbili, asilimia moja,
"Mzee Musembi, tumulikie."
Nawamulikia.
Niliichaji Jumapili. Leo Alhamisi.

Sisemi ile nyingine ni mbaya.
Ndanu aliichukua mwenyewe; jioni hunionyesha
picha za masanduku ya ng'ambo, rangi ya waridi.
Natazama. Bawaba zao ni za mzaha.

Yangu kumbukumbu yake ni ndogo, ikijaa hulia,
kwa hiyo kila wiki nafuta:
wa bahati nasibu, wa mikopo,
wa yule anayetaka kura yangu akiniita ndugu.
Mmoja siufuti.
Ni wa Baba Lavenda wa Dandora,
Januari ya elfu mbili na kumi na tano,
aliyebeba masanduku matatu, shule zinafunguliwa,
kufuli nikamwongezea bure:

"Mzee ntakulipa ijumaa."

Hakusema Ijumaa ipi.
Lavenda alishamaliza shule, pengine ana mtoto wake,
pengine sanduku lile sasa linatunza unga.
Nami sijabadilisha nambari, sijabadilisha simu,
usiku nailaza kando ya mto, sauti juu,
asije akasema alinitafuta
akanikosa.