Daftari la Pointi, Kiburugwa

Mwaka huu tulisema tugawe zawadi kwa haki.
Mimi katibu, nikapiga mistari kwa rula:
kuhudhuria kikao, pointi moja;
kutoa mchango kabla ya tarehe tano, mbili;
kufika msibani, tatu.
Tukapiga makofi. Haki imepatikana,
tena kwa kalamu nyekundu.

Mwezi wa kwanza mambo yakanyooka.
Wa pili, Ambwene alifika msibani kwa akina Shomvi
akauliza daftari liko wapi
kabla hajatoa pole.
Wa tatu, vikao vikajaa watu wanaopiga miayo,
na chai ya wafiwa ikaja chupa kumi na moja.
Sukari hakuna aliyeleta:
sukari haikuandikwa.

Nikaongeza safu. Sukari, nusu.
Kuleta viti, moja. Kurudisha viti, moja na nusu,
maana kuleta hujitokeza wengi,
kurudisha ni Pazi peke yake
na mkokoteni wake unaolia kama mbuzi.
Daftari likanenepa. Mimi nikakonda.

Leo Desemba. Ndoo na vitenge vya Kariakoo viko mezani,
na Kokushubira anaongoza, wala hajaiba:
katoa, kafika, kasaini.
Makofi yake ni halali, nami nayapiga.

Lakini ukurasa wa Sikudhani ni mweupe.
Hana cha kutoa tangu mguu ulipovimba.
Hukaa barazani kwake, njia panda ya kisimani,
na watu wawili wakinuniana
huwapelekea salamu ambazo hazikutumwa.
“Fulani kakuulizia jana.”
Hakuulizia mtu.

Kwa salamu hizo za uongo
Pazi na Ambwene wamerudi kula sahani moja,
na chama hakikuvunjika mwezi Juni,
siku ile niliyoandika:
Hakuna la kuripoti.

Nimpe ngapi?
Nikiandika, kesho mtaa mzima
utajaa wajumbe wa salamu feki.
Nisipoandika, kesho nani atakaa barazani?

Mwenyekiti ananiita nisome majina.
Nayasoma yote, kwa sauti, mpaka la mwisho.
Kimebaki kitenge kimoja, cha bluu, chenye doa la chai,
hakina mwenyewe.
Nimekibana kwapani.
Usiku nitapita kwa Sikudhani
nimwambie Kokushubira kamtumia.