Kitambaa Mbele ya Taa

Bogumiła, zamu yako ni Ijumaa, nami nilikwenda Jumanne,
kwa hiyo nisikilize kabla hujaanza kukosa usingizi.

Asubuhi hiyo kunywa chai, kula mkate wako, hawakukatazi.
Kile kidonge cheupe cha mifupa tu ndicho ukiache kabatini
tangu jana yake.
Usivae sweta la bluu lenye vifungo vya shaba.
Sidiria ya vikulabu utaivua, mkanda utauvua,
na ile medali ya Bikira Maria aliyotuachia mama
utaiweka kwenye kisahani cha plastiki. Italia: ti!
Mimi niliikodolea macho mpaka mwisho, utadhani ina miguu.

Kwanza watakupima urefu.
Nimepungukiwa sentimita nne, dada.
Niliuliza zimekwenda wapi. Muuguzi alicheka kwa adabu.

Si lile pango lenye ngurumo walilokuingiza mwaka juzi
ukatoka umelowa jasho. Hiki ni kitanda tu,
na mkono wa mashine unapita juu yako polepole
kama pasi isiyogusa nguo.
Hakuna sindano. Hakuna mlango wa kufungiwa.
Kijana anaitwa Radosław, ana hereni sikio moja.
Ataweka mto mgumu chini ya miguu ili mgongo ulale bapa,
kisha ataupinda wayo wako kwa ndani na kuufunga kwa ukanda;
hapo ndipo nyonga inapojionyesha.
"Usitikisike," atasema. Wewe pumua tu.
Dakika kumi. Hata supu haijachemka.
Na mionzi? Ni kama ya siku moja, alisema,
ile tunayoipata kwa kuishi tu duniani.

Mashine haikuniuma. Lililoniuma ni swali:
"Mzazi wako aliwahi kuvunjika nyonga?"
Nikaiona Łódź ya Februari, barabara imeganda,
mama chini, viazi vikibingirika hadi kwenye reli za tramu,
na sisi wawili tukiviokota kwanza, Mungu atusamehe,
kwa kuwa ndivyo alivyotuamuru.
Nikajibu: ndiyo.

Nilipolala pale nilimkumbuka Leokadia, mkaguzi wetu kiwandani,
zamu ya usiku, akikinga kitambaa mbele ya taa.
Penye ulegevu, mwanga ulipenya.
Hakufoka. Alitia alama ya chaki, akaendelea.
Mtande upo, mshindio umeachana.
Basi ndiyo hayo tu, dada. Wanatukinga mbele ya taa.

Matokeo ni namba yenye kistari cha kutoa mbele yake.
Yangu ni mbili na nusu na ushee, chini ya sifuri.
Daktari anasema wananilinganisha na mwanamke wa miaka thelathini.
Yupi? nilimuuliza.
Wa miaka thelathini ninayemjua mimi
alipanga foleni saa kumi alfajiri kwa chupa mbili za maziwa,
akawagawia watoto watatu,
akasuuza chupa, akayanywa yale maji meupe.
Ati huyo ndiye wanayetaka nifanane naye.

Kuna dawa, atakuandikia. Hilo tutalizungumza.

Nitakupitia saa mbili. Vaa viatu vyenye meno, ngazi zina barafu.
Medali usiiweke kwenye kisahani.
Nipe mimi niishike.