Paskali Tatu Nukta Nane

Sampuli ilifika Jumatatu kwenye chupa ya kahawia,
imefungwa na kulakiriwa kama hati ya mahakama.
Jina lake lina herufi arobaini na mbili;
sisi tukaiita Sabini na Moja.
Itatiwa kwenye gundi ya sakafu.
Haina rangi, haina harufu, waliandika waliotuma,
na haitoki chomboni.

Haitoki chomboni.
Mimi hulipwa kuuliza: haitoki kiasi gani?

Nje ni Kokkola, Januari,
nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.
Mama alikuwa akianika nguo nje siku kama hizi.
Suruali za baba zilisimama kambani, ngumu kama mbao,
nasi tukizibishia hodi kwa vidole.
Siku ya pili zilirudi ndani laini, kavu,
na hakuna tone lililodondoka thelujini.
"Maji yameenda wapi?"
"Yameondoka," alisema, pini mdomoni,
"bila kuaga."

Basi naigandisha Sabini na Moja kwa nitrojeni majimaji.
Nafungua vali, pampu inanyonya. Nafunga.
Nayeyusha, na viputo vinapanda:
hewa iliyojibanza humo tangu kiwandani.
Nagandisha tena.
Torolf hutosheka na mara tatu,
anasema ya nne ni ya woga.
Mimi ni mwoga wa mara sita.
Hewa ikibaki, namba itasema uongo,
na namba ikisema uongo
haibadiliki uso.

Halafu kungoja.
Beseni limetulia kwenye nyuzi ishirini na tano,
kioevu chini, ombwe juu,
na kioevu kikionyeshwa ombwe hakijizuii,
kinatuma watu wake.
Wanatoka. Baadhi wanarudi. Wanatoka wengine,
mpaka mlangoni wa kuingia na wa kutoka wanalingana
na tarakimu za kipimio zinaacha kuhangaika.

Tatu nukta nane.

Ni kidogo. Weka karatasi tano za ofisi juu ya meza:
uzito unaouhisi ubao wa meza ndio huo.
Lakini waliotuma walitarajia namba
ndogo kuliko hiyo mara mia.
"Kuna mahali panavuja," Torolf alisema.
Tukakagua kila kiungo. Hapavuji.
Eskil akapima kwa mtambo wa pili: tatu nukta saba.
Nikapandisha joto, thelathini na tano, arobaini na tano,
na nukta zikajipanga kwenye grafu
zimenyooka kama reli ya kwenda Ylivieska.

Shemeji yangu Ruuben hutandika sakafu.
Hupiga magoti kutwa, pua shubiri moja kutoka kwenye gundi,
madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi,
nyaya za joto zimeshawashwa chini yake
ili gundi ishike upesi.
Barakoa yake huning'inia kwenye kioo cha gari.
"Ikinuka nitaivaa," husema.
Nami humjibu: lisilonuswa lipo,
na kama halipo, laja.
Hucheka. Mtu mwema, ana kikohozi cha asubuhi
ambacho dada yangu anakiita cha sigara
ingawa aliacha sigara mwaka juzi.
Sijui kama ni gundi. Sijapima kikohozi.

Nilijaza kisanduku:
tatu nukta nane, nyuzi ishirini na tano, mbinu tuli.
Safu ya maoni ina nafasi ya mistari minne.
Niliandika "hakuna",
nikaifuta,
nikaandika tena "hakuna",
maana Ruuben si maoni.

Alhamisi wakajibu kwa adabu nyingi:
tunaomba mrudie.

Nikavaa glavu. Mvuke mweupe wa nitrojeni
ukamwagika mezani, ukanipita viatuni.
Mara saba safari hii, Torolf akiangalia dirishani
wala hakusema neno.
Tukangoja kuliko kawaida, mpaka taa za bandari zikawaka.

Tatu nukta nane.