Kilemba cha Gunia

Alfajiri, Isyonje haina sura.
Ukungu umeketi barabarani kama mdai,
nami nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
sindano yangu ndefu kuliko kiganja,
kamba ya katani nimeiloweka tangu jana
ili isinikate palepale iliponikata juzi.
Kazi yangu ni kuyavisha magunia vilemba.

Gunia likijaa, halijajaa.
Ambakisye analipiga goti, analitikisa, viazi vinashuka,
anaongeza debe. Limejaa. Halijajaa.
Debe jingine, kisha sado mbili anazoziita za Mungu,
ndipo ananiita: Tusekile, njoo ufunge.
Natandaza ukoka, navuta wavu, nashona
mpaka kichwa cha gunia kinanifika kifuani.
Mia tano kwa gunia.
Kiwe kilemba cha bwana harusi,
kiwe kikofia cha kichanga,
mia tano.

Mnunuzi hashuki garini.
Anateremsha kioo upana wa vidole vinne,
moto wa ndani unatoka, unatugusa nyuso, unarudi.
Bei anaisema mara moja. Kioo kinapanda.

Mwaka ule Nzunda aligoma.
Alisema: gunia ni gunia, nafunga mdomoni, sivishi.
Magari yakapita siku nne.
Viazi vyake vikakaa kandokando ya lami
vikageuka kijani kwa jua la mchana,
na siku ya tano alinijia mwenyewe, kofia mkononi,
akaniomba nishone viwe virefu kuliko vya wenzake.
Sikumtazama. Nilitunga uzi.

Ama mizani, ililetwa. Tulipiga vigelegele,
diwani alinywa soda mbili, akapanda yeye kwanza,
tukamsomea kilo zake, tukacheka sana.
Leo imo ofisi ya kijiji, nyuma ya mlango,
na kuku wa mtendaji ametagia kwenye sahani yake
mayai sita. Hayo yamehesabiwa.

Nikitoka hapo napita kwa Mwasomola, dukani.
Huko hakuna anayetikisa kitu kishuke.
Mche wa sabuni umekatwa kwa uzi, mwembamba
hata ukiuinua unaona taa.
Mafuta ya kula yanapimwa kwa kifuniko cha chupa,
na Mwasomola anasubiri tone la mwisho lirudi kwake.
Sukari imefungwa fundo dogo, mkate umejaa pumzi.
Mbolea, mwaka juzi nilibeba mfuko,
mwaka jana nikapimiwa kilo,
msimu huu nimekuja na kopo la maziwa ya mtoto,
nikalijaza nusu.
Nikamwambia, Mwasomola, niongezee basi hata ya Mungu.
Akacheka kwa huruma, maana naye si mbaya:
Dada, Mungu wa huku kwangu anapima kwa gramu.

Usiku, Lugano analeta daftari karibu na jiko.
Vidole vyake vina udongo; jioni alikuwa akiokota vilivyodondoka.
Anasoma kwa sauti ya darasani:
Gunia moja la viazi lina kilo mia moja.
Magunia saba yana kilo ngapi?
Ananyamaza. Anautazama mkono wangu, uliofungwa kitambaa.
Mama, gunia la shuleni au la barabarani?

Makaa yalikuwa yanaishia. Niliyapuliza kwanza.
La shuleni, nikamwambia.
Andika mia saba, mwalimu akuwekee vema.

Akaandika. Halafu, pembeni, bila kuulizwa,
akachora gunia,
akalivisha kilemba,
akakiendeleza juu, kikapita mstari, kikapita jibu,
akakikoleza weusi kwa nguvu zote
mpaka penseli ikakatika.

Penseli ni mia mbili siku hizi.
Nusu kichwa cha gunia,
kasoro mshono mmoja.