Kigeu

Wamekuita kigeu, nawe hugeuki.
Nani aliyekubatiza kwa mzaha huu?

Tartu, saa tano usiku. Theluji imepofusha dirisha.
Leelo anageuza daftari la ghala la kitani,
tagi kwa tagi, liwe ukurasa wa kusomeka.
Alianza vyema: jumla, sifuri.
Kisha kila mstari akaiamuru.
Mizigo kumi na miwili ya Hindrek. Ongezeka.
Saba ya mjane Viiu, mmoja umelowa. Ongezeka.
Mwisho wa yote ikatoka sifuri,
baridi kama kitasa cha mlango wa nje.

Ott, meza ya pili, anatafuna mkate mweusi:
"Hiyo si ndoo. Hapa jina hupewa thamani mara moja, basi.
Ukitaka kuongeza, usilirudie la kwanza.
Kiolezo na kijiite chenyewe,
kimpe atakayefuata hesabu mpya mkononi."

Akafuta. Akaandika.
Kumi na mbili akamkabidhi kumi na tisa,
kumi na tisa akamkabidhi jirani,
kila mmoja akibaki vilevile alivyotajwa,
akifia kizingitini,
nje asijulikane.

Hapo Leelo akakumbuka jina
aliloitwa na nyanya yake, jikoni kule Võru,
jikoni tu;
halikuvuka mlango hata siku moja.
Hakuna wa kuliita tena.
Wala halijabadilika.

Elfu tano mia moja na nane.
Ott amesinzia.
Leelo anatafuta glovu ya pili.