Makato

Neno ni moja, sisi tunalijua kwa njia tatu:
tunakata sangara, tunakatwa mshahara,
na Jumanne ile, zamu ya usiku, kiwandani Igogo,
kisu kilimkata Nyamizi kidole cha shahada
mpaka kwenye kano.

Damu juu ya barafu haina haraka.
Msimamizi aliangalia minofu kwanza,
akatenga trei mbili, akaandika kilo zilizoharibika,
ndipo akauliza:
"Huyu ana mkataba, au kibarua?"

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake.
Niliendelea kuchuna ngozi.
Mlinzi ndiye aliyeita bajaji. Nikatumwa nimsindikize,
na saa zangu zikakatwa.

Sikuwa mwanachama. Asilimia mbili
ni sukari, ni nauli ya Igoma siku tatu.
Tena hoja sikukosa:
si tulikuwa na Lushinge, katibu wa tawi,
aliyekunywa chai ya meneja mpaka shati likambana,
akatuletea mkataba wa hali bora
wino wa saini ukiwa umeshakauka?
Nilisema chama ni mdomo mwingine wa kulisha.
Nilisema kwa sauti. Watu walicheka.

Saa sita usiku Milembe alifika Bugando
na gambuti zake, magamba kwenye nyusi.
Ni wa upande wa mabondo; katibu tangu Lushinge aondoke.
Hakuja na pole nyingi. Alikuja na daftari
lililovimba kwa unyevu, akaandika amesimama:
saa, meza namba saba,
kisu chenye mpini uliopasuka, kilichoripotiwa mara tatu,
tarehe za mara hizo tatu.
Kisha akanigeukia: "Uliona?"

Nimewahi kubeba mgongoni sangara wa kilo sitini.
"Niliona" lilikuwa zito kumshinda.

Alhamisi, ofisini, kiyoyozi kikivuma,
Milembe alisema "Mwangaluka," akaweka mezani
glavu ya waya, moja kati ya sita
tunazogombania watu themanini.
Meneja akajibu kwamba kibarua si mwanachama,
hana wa kumsemea.
Milembe akafungua kifungu cha kumi na nne,
akakisoma polepole kama barua ya msiba, akafunga.
"Kisu hakikuuliza kadi."

Nje hakuna aliyepiga kelele.
Visu tuliviacha ndani vimepangwa, vimeoshwa.
Tulikaa ukingoni mwa barabara, gambuti zikielekea ziwani,
mtu akapitisha karanga za kukaanga.
Ndani, tani nne za samaki,
na barafu ikaanza kutusemea:
tone, tone, chini ya mlango wa bati,
hadi maji yakaingia korido ya ofisi.

Saa nane mchana meneja alimwita karani aje na muhuri.

Sitasema tulishinda. Glavu zilikuja arobaini.
Bili ya hospitali ililipwa, Nyamizi akarudishwa
kubandika lebo, kazi ya kukaa.
Vibarua wawili, Magesa na yule kijana wa Ukara,
hawakuitwa tena getini; majina yao
yamo daftarini, na ukurasa wao haujafungwa.
Milembe alihamishiwa chumba cha baridi.
Anakohoa. Anaandika kwa penseli siku hizi,
maana wino huganda mle ndani.

Mwisho wa mwezi nilifungua karatasi ya mshahara.
Mstari wa sita: Makato, chama.
Niliufuata kwa kidole cha shahada,
nikasoma kiasi, nikaiweka karatasi mfukoni,
nikabaki nikikitazama kidole,
namna kinavyokunjika.